Jioni hesabu kilichobaki, siyo ulichouza

Januari 2019 nilibandika karatasi kwenye ukuta wa duka langu Mbagala, nimeandika kwa maka peni nyekundu, MAUZO 300,000 KWA SIKU. Nilikuwa nauza kama laki na sitini hivi kwa siku, duka la kawaida tu la mtaani, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, viungo, vocha. Nikajiambia nikifika laki tatu nimetoka. Na kweli nikafika. Mwezi wa nane siku nyingi tu zilikuwa zinapita laki tatu, nikawa natembea kifua mbele, nawaambia hadi wenzangu kwamba lengo linafanya kazi ukiliandika ukutani. Mwezi wa kumi na moja nikaenda kuchukua mzigo Kariakoo, nikatoa hela mfukoni nikahesabu, haitoshi hata nusu ya mzigo niliokuwa nachukua mwaka uliopita.

Sikuibiwa. Nilikaa chini siku mbili na kijana wangu wa dukani tukaanza kupiga hesabu upya, ndo nikaona kilichotokea. Ili nifike laki tatu nilikuwa nimejaza duka vitu vinavyotoka haraka. Sukari kilo moja ilikuwa inaniachia kama shilingi 100 hivi, wakati kipakti cha viungo cha 500 kinaniachia 200, yaani kilo mbili za sukari ndo zinalingana na kipakti kimoja cha pilau masala ambacho nilikuwa nimekisukuma kule nyuma kwa sababu "hakileti mauzo". Kwenye laki tatu nilikuwa nabaki na kama 24,000. Hapo toa kodi ya fremu 4,000 kwa siku, kijana na chakula chake 6,000, umeme 2,000, usafiri wa mzigo na vifungashio 3,000 (na mwaka ule tarehe 1 Juni mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukaingia kwenye mifuko mbadala ambayo wateja wengine walikuwa hawataki kuilipia kabisa, unaishia kuwapa). Inabaki 9,000. Nyumbani nilikuwa natoa 12,000 na zaidi kila siku. Kwa hiyo kila siku niliyofikisha lengo nilikuwa nakula elfu tatu ya mtaji, na mwezi una siku thelathini, piga mwenyewe.

Nimeanza na hii kwa sababu kila mwisho wa mwaka naona watu wenye biashara ndogo wanaandika malengo, na karibu yote ni ya mauzo, au ya kitu kikubwa, kufungua tawi la pili, kununua bodaboda ya kusambazia, kutoka kwenye meza kwenda kwenye fremu. Wanayachukua kwenye semina na kwenye vidio za wahamasishaji. Mimi siwalaumu, mtu asiyetaka kitu kikubwa hawezi kuamka saa kumi alfajiri kwenda kugombania viazi sokoni. Ila nasema lengo la mauzo peke yake ni lengo baya kwa biashara ndogo, na lengo la mwaka peke yake ni baya zaidi, na ninataka nieleze kwa nini.

Watu wengi mmefundishwa ile SMART, herufi tano za maneno ya Kiingereza, kwamba lengo liwe mahsusi, lipimike, lifikike, liwe na muda na kadhalika. Aliyeiandika ni Mmarekani George Doran, Novemba 1981, kwenye jarida la mameneja. Na kitu ambacho semina nyingi hawakisemi ni kwamba ile herufi A kwa Doran haikuwa "lifikike" (achievable), ilikuwa ni assignable, yaani lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa, nani atalifanya. Maana alikuwa anaongea na mameneja wa makampuni, wenye watu chini yao, idara, karani, mhasibu. Sasa mama lishe au muuza mitumba anamkabidhi nani? Yeye ndo bosi, ndo mhasibu, ndo mpishi, ndo anayekimbia hospitali mtoto akipandisha homa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wetu siyo "lengo linapimika?", maana hata langu la laki tatu lilikuwa linapimika vizuri kabisa. Swali ni, je hili jambo liko mkononi mwangu au liko mkononi mwa mtu mwingine?

Kuna utafiti wa zamani wa Gary Latham na mwenzake ulitoka 1975 kuhusu madereva wa malori ya magogo kule Oklahoma, Marekani. Malori yalikuwa yanapakia kama asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Wakawapa madereva lengo, pakieni hadi asilimia 94. Hawakuongezewa hela, walikuwa wanasifiwa tu wakifanya vizuri. Baada ya miezi michache wakawa wamepita asilimia 90. Watu wanapenda kuutaja huu kuonyesha kwamba lengo gumu linaleta matokeo, na ni kweli, lakini angalia ni lengo la aina gani. Dereva anaona magogo yake mwenyewe, analiona lori lake limejaa au lina nafasi, na kila safari anapata kipimo chake. Hakuambiwa ahakikishe kampuni inauza mbao nyingi mwaka huu. Aliambiwa kitu ambacho akinyanyua kichwa anakiona.

Na mwaka 1999 Latham na Gerard Seijts wakafanya jaribio lingine ambalo mimi naona kila mwenye duka angelijua. Wakachukua vijana wakawapa kazi ya kutengeneza midoli kwa malipo, ila bei za ile midoli zilikuwa zinabadilika kila wakati bila taarifa, leo mdoli huu unalipa, baada ya muda haulipi tena. Wengine wakaambiwa tu jitahidini mnavyoweza. Wengine wakapewa lengo moja kubwa la mwisho. Wengine wakapewa lile kubwa pamoja na malengo madogo ya karibu karibu. Waliopewa lengo kubwa peke yake walipata hela kidogo kuliko hata wale walioambiwa wajitahidi tu! Waliofanya vizuri ni wale wenye kubwa na vidogo kwa pamoja, kwa sababu vile vidogo vilikuwa vinawashtua mapema kwamba bei imegeuka, njia hii imeshakufa, badilisha.

Bei zinabadilika bila taarifa, hiyo si ndo Kariakoo yetu? Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, mvua zimevuruga uzalishaji viwandani, kuna sehemu kilo ilifika 4,000 na kupita, mpaka serikali ikatoa bei elekezi. Mtu aliyekuwa na lengo la mauzo kipindi kile alikuwa anaona namba inapanda, anafurahi, kumbe anauza kilo chache kwa hela nyingi na faida yake ni ileile mia au hakuna kabisa. Wenye lengo la kujua kila jioni nimebaki na shilingi ngapi waliona ndani ya siku mbili tatu, wengine wakaacha kuweka sukari kwa muda, wengine wakaanza kupima robo robo.

Sasa nitoke kwenye utafiti nije kwa mama mmoja anayepika pale karibu na nilipo, wali maharage, wali nyama, chapati asubuhi. Huyu hajawahi kukaa semina na ndiye aliyenifundisha hili jambo vizuri kuliko mtu yeyote. Siku moja nimekaa kwenye benchi lake naangalia anavyopakua. Ana bakuli la plastiki la bluu, limeshachujuka rangi, anashindilia wali ndani, anakwangua juu kwa kijiko mpaka unakuwa sawa na mdomo wa bakuli, halafu analipindua kwenye sahani, wali unatoka na umbo la bakuli. Kila sahani hivyo hivyo, awe mteja mgeni au fundi anayekula pale miaka mitano. Nikamuuliza, mama mbona unapima hivyo kama dawa?

Akaniambia, "Mwanangu, kilo moja ya mchele mimi natoa sahani saba. Napika kilo sita, natakiwa nione sahani arobaini na mbili. Nikiona thelathini na sita najua leo mkono umezidi, au binti yangu amepakua bila bakuli."

Sahani ni 2,000. Sahani sita ni elfu kumi na mbili kwa siku, kwa mtu ambaye mtaji wake wote wa siku labda ni elfu themanini. Na hapo wateja walikuwa walewale, hakuongeza tangazo wala hakuhamia barabarani. Nikamuuliza kuhusu wateja, lengo lake la wateja ni wangapi kwa siku. Akanishangaa kidogo. "Mteja siwezi kumvuta mkono. Bakuli ndo liko mkononi mwangu."

Nilirudi dukani siku ile nikatoa karatasi ya laki tatu ukutani.

Kwa hiyo ukiniuliza leo lengo la biashara ndogo liwe nini nitakuambia tafuta bakuli lako. Kila biashara inalo. Fundi cherehani bakuli lake ni mita za kitambaa kwa gauni moja na tarehe aliyomwahidi mteja, maana mafundi wetu wengi hawakosi kazi, wanakosa hela kwa sababu nguo kumi na tano ziko nusu nusu na hakuna mteja anayemalizia malipo ya gauni ambalo halijaisha. Lengo la fundi kama huyo lingekuwa ni kutoanza nguo mpya mpaka mbili za zamani zitoke. Muuza matunda bakuli lake ni maparachichi yanayooza kwenye tenga. Mwenye saluni ni dawa inayopakwa kichwani, chupa moja inatoa vichwa vingapi. Muuza mitumba ni nguo ngapi kwenye belo zimebaki wiki ya tatu, maana zile zilizobaki ndo faida yako imelala pale, na ukienda kufungua belo jipya huku zile zimening'inia unakuwa umebeba mzigo mara mbili. Mimi wa duka bakuli langu nililipata baada ya kuhangaika sana, ni madeni ya nje na vitu vinavyolala shelfu zaidi ya mwezi.

Hapo kwenye madeni niseme kidogo, kwa sababu ndipo tunapofia. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walishasema, ila sisi wa mtaani hatuwezi kuacha kukopesha kabisa, mtu ni jirani, watoto wanacheza pamoja, leo yeye hana kesho wewe ndo utamhitaji kwenye msiba wako. Wanaokuambia usikopeshe hata mmoja hawajawahi kuwa na duka uswahilini. Sasa lengo langu siyo kutokopesha, lengo ni jumla, hela yangu iliyoko nje isipite kiasi fulani. Ikifika hapo naweza kumwambia mtu kwa upole, dada daftari limejaa, akilipa mmoja nakupa wewe. Na inashangaza jinsi watu wanavyolielewa hilo, kwa sababu siyo kwamba nimemkataa yeye, ni daftari limekataa.

Lingine ni nyumbani. Watu hawapendi kuongelea hili kwa sababu linagusa familia. Unga unatoka dukani kilo mbili, mafuta robo, mtoto anachukua soda, shemeji amekuja anataka vocha, mchango wa harusi umeletwa na kadi imeandikwa jina lako. Hakuna ubaya kwenye hata kimoja, duka ni la kulisha familia, ila kama hakiandikwi basi hujui duka linalisha nini. Mimi nilianza na lengo dogo sana, dogo mpaka mke wangu akaniuliza hilo nalo ni lengo. Kwa siku thelathini kila kinachotoka dukani kwenda nyumbani kiandikwe, bila kukatazwa mtu chochote. Mwisho wa mwezi tukasoma pamoja usiku watoto wamelala, jumla 410,000. Tulikaa kimya wote wawili. Hatukugombana, ila tangu siku ile tukakubaliana nijilipe 9,000 kwa siku na kinachozidi kinasubiri kesho.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu, huo msemo tunaujua wote, na ule wa mali bila daftari hupotea bila habari. Shida ni kwamba daftari tunaliona kama adhabu au kama kitu cha kumwonyesha mtu wa kodi, siyo kama mizani ya lile lori. Na hata kwenye kodi penyewe daftari linalipa. Kwenye kodi ya makadirio ya TRA, mamlaka ya mapato, kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka ambaye hana kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 kwa mwaka na una daftari unalipa 30,000. Elfu sabini imebaki kwako kwa daftari la elfu mbili.

Kuhusu muda wa lengo, mimi nimeacha kabisa kuanza malengo Januari. Januari ni ada, sare, madaftari, mtaa mzima hauna hela, ukipima biashara mwezi huo utajikatia tamaa bure. Na kulinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana nako ni mtego, kwa sababu mtaa wangu unaenda na mwezi mwandamo. 2024 Ramadhani iliingia wiki ya pili ya Machi, 2025 ikaingia mwanzoni kabisa mwa Machi, 2026 ikaangukia Februari. Sasa mtu anayesema Machi hii lazima nizidi Machi iliyopita asilimia ishirini, anashindanisha mwezi wenye tende, nazi, maharage na unga wa ngano unaotoka kama maji na mwezi wa kawaida. Afadhali wiki nne nne, na ukitaka kulinganisha linganisha Ramadhani kwa Ramadhani, tena kabla haijaingia, ili ujue mwaka jana ulibakiwa na tende katoni ngapi baada ya Iddi.

Nimeacha la mwisho ambalo linaniuma kuliko yote. Kuna watu hawaweki lengo kabisa kwa sababu lengo lao limeshawekwa na mtu mwingine, nao ni wenye mikopo ya kausha damu. Umekopa 300,000, unatakiwa kurudisha 390,000 ndani ya mwezi, yaani 13,000 kila siku, na mtu anakuja na kadi saa kumi jioni anakaa hapo hapo mbele ya wateja wako. Kuanzia siku ile hesabu ya jioni haipo tena. Swali linakuwa rejesho limepatikana au halijapatikana, na likikosekana unauza kitu chochote kwa bei yoyote, unatoa hela ya mzigo, wengine wanaenda kukopa kwa mwingine walipe huyu. Benki Kuu iliweka kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa mikopo wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, sasa weka hiyo karibu na asilimia 30 uone. Huyu mama wa kausha damu ukimwambia aandike malengo ya mwaka unamwonea. Lengo lake la kwanza na la pekee ni kutoka kwenye lile rejesho, na nimeona waliotoka, mara nyingi ni kupitia kikoba cha watu wanaoaminiana, au ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 na baadaye ikarudi. Foleni yake ni ndefu na ni lazima muwe kikundi, najua. Lakini anayeenda pale na daftari la miezi mitatu anaulizwa maswali machache kuliko anayeenda na mdomo.

Mtu ataniuliza basi lile kubwa tuliache, tawi la pili, fremu kubwa? Hapana. Wale vijana wa midoli waliofanya vizuri walikuwa nalo lile kubwa, hawakulitupa. Mimi nataka friza, niuze samaki na maziwa, nimeshaijua bei, na kila wiki nne naangalia kilichobaki nakiweka pembeni kwenye simu kwenye laini ambayo haina lipa namba wala haijulikani na mtu wa nyumbani zaidi ya mke wangu. Ila friza haiwezi kuniambia leo usiku nifanye nini.

Kinachoniambia ni ukurasa wa mwisho wa daftari. Wiki nne hizi lengo langu ni moja tu, hela iliyoko nje isipite 60,000. Jana usiku nimefunga nikajumlisha mara mbili, ni 74,500. Kuna fundi baiskeli ana 18,000 yangu tangu tarehe 3, unga na mafuta, ni mtu mwema ila anasahau. Nitampitia kesho saa moja asubuhi kabla hajapanga spana zake chini, nimsalimie, nimuulize na hali ya mgonjwa wake, halafu nimwonyeshe ukurasa.